Kazi Yangu ya Kuwachagulia Watu Dubu

Mwezi uliopita ofisini walinikatia keki yenye umbo la dubu, na kila mtu akataka sikio. Mimi nikabakiwa na mguu wa nyuma. Nikaula nimesimama, nikasema asante kwa lugha nne, nikashuka ngazi. Hivyo ndivyo mtu anavyostaafu hapa Durban, mguu wa keki tumboni na kikombe chake ndani ya mfuko wa plastiki.

Ninyi vijana mlioingia kazi hii ya safari, mnaokata tiketi na kupanga hoteli, mliniomba Jumapili nje ya kanisa niwaandikie nilivyofanya. Papa Deo, mkasema, usituambie kwa mdomo, ukiongea tunacheka halafu tunasahau. Bon. Naandika. Mshahara sitaugusa, haukuwa mrefu wa kutosha kujaza mstari. Vyeo nitaviruka, maana navyo viliniruka. Nitaandika juu ya dubu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu: mtu anatoka kwake Glenwood au Umhlanga, ana hamu ya kumwona dubu wa porini kabla hajafa, na mimi namchagulia msitu, mwezi, na kiongozi wa kumpeleka. Afrika nzima haina dubu wa porini hata mmoja. Mtu wa Uvira anayeishi Afrika Kusini kwa kuuza dubu wa Kanada na Romania, nadhani hata malaika anayeandika kazi za watu alirudi kuuliza kama amesikia vizuri.

Nilianza kama wengi wenu mlivyoanza, yaani vibaya. Nilikuwa nalinda magari mbele ya duka la mikate kule Morningside, nimevaa koti la njano lililong'aa mpaka meli zilikuwa zinalitumia kupata bandari. Juu ya lile duka kulikuwa na ofisi ya safari. Kati ya magari niliyolinda, moja dogo jeupe lilikuwa la Anti Rukmini, mama wa Kihindi wa hapahapa Durban, mfupi, miwani yake ikining'inia kwenye kamba shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga safari za wanyama. Asubuhi moja alinikuta nimeegemea ukuta nasoma kitabu cha jiografia cha shule ya jioni.

Anti aliongea Kiingereza cha Durban, cha haraka na chenye pilipili. Hapa namweka kwa Kiswahili.

“Unasoma nini?”

“Mito ya Ulaya, Anti.”

“Danube inapita wapi?”

“Inaanza Ujerumani, Anti, halafu inavuka nchi nyingi, karibu kama mimi.”

“Njoo juu kesho,” akasema. “Hilo koti liache kwa mwenye shida.”

Ile shule ya jioni niliimaliza nikiwa na mvi. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama wote nilipoingia, wakidhani mimi ndiye mwalimu, na kusema kweli nilichelewa kidogo kuwasahihisha. Kwa hiyo msije mkaniambia mmechoka kusoma.

Siku yangu ya kwanza juu, Anti alinipa picha ya dubu niende nayo nyumbani nikaizoee. Mama Furaha, mke wangu, aliigeuza huku na huku mezani.

“Hii ni nyama gani?”

“Dubu.”

“Inakulaka watu?”

“Mara mojamoja.”

“Na hawa wazungu wanalipa juu ya kuiendea?”

“Wanalipa sana.”

“Sie tulitembea mpaka huku juu ya kukimbia kifo,” akasema, “wao wanakata tiketi wakitafute. Eish.” Akaibandika ile picha kwenye friji, na watoto wangu wamekua nayo kama picha ya shangazi.

Sasa nije kwenye vyombo vya kazi. Ninyi mna simu zinazoonyesha dubu akipumua. Anti alikuwa na kiti. Kiti kigumu cha mbao, kilichotoka kwenye meza ya chakula ya mama yake, kimewekwa kando ya dirisha, bila gazeti wala televisheni karibu. Mteja akija kuuliza safari ya dubu, Anti alimkalisha pale, akasema, ngoja nikatafute bei, halafu akaingia chumba cha nyuma kuchemsha chai. Bei alikuwa nazo kichwani. Alikuwa anamtazama mteja kupitia kioo cha kabati.

Aliyekaa kimya akiangalia mti wa nje, huyo tulimpeleka kwenye kibanda: unafungiwa ndani ya nyumba ndogo ya mbao porini, saa nyingi, husemi, unangoja dubu atoke msituni. Aliyesimama na kuanza kugusa ramani ukutani, huyo tulimtafutia safari ya kutembea kwa miguu nyuma ya kiongozi, asome nyayo na kucha kwenye magome ya miti. Aliyetoa simu na kuanza kumweleza dada yake mambo ya mirathi, huyo alikwenda kwenye mito ya Kanada wakati samaki wanapanda, kwa mashua, kule dubu ni wengi na hawajali kelele. Na aliyeuliza, “Bado sana?”, huyo Anti alimpa namba ya mbuga ya Hluhluwe, akatazame kifaru kwa gari lake, arudi jioni kuoga kwake.

Wakati mwingine tumbili waliingia dirishani, mnawajua tumbili wa Morningside, wana adabu ya matajiri. Mmoja aliwahi kumpora mteja muwa wa sukari mkononi, mteja asitikisike hata kope. Anti alitoka mbio nyuma. “Huyu,” akaninong'oneza, “mpeleke Romania, kibanda cha mbali kabisa.” Mteja yule alirudi amemwona dubu jike na watoto watatu. Alituletea jibini kubwa kama gurudumu la lori.

Lakini kiti kilikuwa na mipaka yake. Kesi ngumu niliyojifunzia ilikuwa ya bwana Kobus, mjenzi wa mabwawa ya kuogelea. Kwenye kiti alikaa vizuri mpaka akalala. Tukasema, huyu ni wa kibanda. Sasa ninyi mnajua watu wa nchi hii: hawezi mtu kutazama mnyama bila biltong. Tangu utotoni baba anaendesha polepole, mama anagawa nyama kavu, simba amelala kule, kila mtu anatafuna. Kwao hiyo ndiyo maana ya kuona wanyama. Bwana Kobus akaingia kibandani Romania na kipande cha biltong kirefu kama mkono wangu ndani ya koti. Dubu akatoka msituni, uzuri mtupu, na bwana Kobus kwa furaha akaanza kutafuna. Dubu akainua pua. Akaacha chakula chake, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni, akaanza kuuliza kwa kucha ile harufu ni ya nani. Walitolewa kwa gari, na kile kibanda kikafungwa mpaka dubu asahau. Anti alinung'unika wiki nzima: “Kiti changu kinapima makalio. Mifuko nimeisahau.” Tangu hapo, kila mteja wa dubu nilimpigia simu siku ya kuondoka nikamwambia asimame, ageuze mifuko yote nje, na anisomee kilichomo. Fanyeni hivyo nanyi. Mtacheka, lakini fanyeni.

Na kabla ya kuamini kampuni yoyote ya viongozi, waulizeni maswali aliyonifundisha Anti. Kiongozi mmoja anachukua wageni wangapi? Mnawawekea dubu chakula, na ni chakula gani? Dubu akikaribia mno, nani anaamua kuondoka, kiongozi au mteja? Mteja akihitaji choo ndani ya kibanda, inakuwaje? Wakijibu la choo haraka bila aibu, hao ni watu wa kweli. Halafu la mwisho: dubu asipokuja, mnamwambia nini mgeni? Kampuni iliyosema “lazima atakuja”, Anti aliikatia simu.

Mimi nilikuwa na mdomo. Sijisifu, ila nilipomweleza mteja dubu, mteja alikuwa anasikia baridi. Nilisema manyoya yake yanawaka kama chai ya maziwa mbele ya taa, nilisema akisimama kwa miguu ya nyuma mwezi unasogea kando ampishe. Mama mmoja wa Berea alilia. Sikuwa nimewahi kumwona dubu, hata wa kufungiwa. Anti hakunikataza, alikuwa akivuta kiti chake karibu asikilize.

Naye, hili ndilo lililonishangaza mwaka wa kwanza, hakuwa amewahi kumwona. Aliwapeleka watu wa nusu ya Durban, yeye hakuwahi. Kwanza mama yake aliugua, halafu mume wake, halafu mume akafa na deni la duka, halafu mwenye ofisi akapenda Anti awepo kila msimu, kwa sababu msimu wa dubu ndio msimu wa kazi. Siku moja tunakula mikate ya bunny chow, mchuzi unatuchuruzika mpaka kwenye viwiko, nikamuuliza kama bado anataka.

“Mmoja tu, Deo,” alisema. “Hata akiwa mbali. Hata akiwa anaondoka.”

Alisema bila mzaha, na Anti alikuwa mtu wa mzaha. Nikajua hapo kwamba sisi wote pale tulikuwa tunauza safari, na kumbe mteja mwenye hamu kuliko wote alikuwa amekaa upande wa ndani wa meza.

Kisha mlango ukafunguka. Ile kampuni ya Romania, kwa kuwa tulikuwa tumewapelekea watu wengi na kuwaomba radhi vizuri kwa ajili ya bwana Kobus, ilitualika watu wawili kutoka ofisini. Njooni bure, wakasema, msimu wowote mtakaopenda, mkitaka mwaka huu, mkitaka mwakani. Mwenye ofisi akamwambia Anti achague mwenzake.

“Mimi na Deo,” akasema, kabla yule bwana hajafunga mdomo.

Vijana, furaha ile ilinipandisha na kunishusha ngazi bila miguu kugusa chini. Lakini mnajua karatasi zetu. Karatasi ya ukimbizi inakuruhusu kuishi hapa. Ya kuvukia mpaka ni nyingine, kile kijitabu cha kusafiria, na mimi sikuwa nacho. Nikakiomba. Wakasema subiri. Nikasubiri kama tulivyozoea.

Mwezi wa tano ulipofika, msimu ukaanza, Anti akaja mezani kwangu.

“Kijitabu?”

“Bado, Anti. Wamesema karibu.”

“Basi mwakani.”

Mwaka uliofuata, hivyohivyo. Kijitabu? Bado, Anti. Basi mwakani. Aliyasema kama mtu anayeahirisha kununua mapazia.

Mama Furaha ndiye aliyeona. Tulikuwa tunapika sombe jikoni, akapunguza moto.

“Papa Furaha, ule mama iko anakungojea weye.”

“Najua.”

“Umwambie aende.”

“Nitamwambia namna gani? Mukubwa amekuambia twende, weye unajibu, tangulia? Si ni kumufukuza?”

“Haina kumufukuza. Ni kumuachia njia.”

“Kwetu ni kumufukuza.”

“Kwetu iko wapi?” akasema. “Yeye ni wa hapa.”

Sikumsikiliza. Nililelewa Uvira na baba aliyeamini kwamba mkubwa akikuita safarini amekupa heshima, na heshima hairudishwi mlangoni. Ningemwambia Anti nenda bila mimi, masikioni mwangu ingekuwa ni kusema, sikuhitaji. Nikajaribu kuzunguka. Siku moja nikamwambia, “Anti, msimu huu wameandika kuna watoto wa dubu wengi sana, sijui kama itatokea tena.”

“Vizuri,” alisema. “Mwakani watakuwa wamekua, tutawaona vizuri zaidi.”

Misimu ikapita. Tuliwapeleka watu wengine. Wakarudi na picha, tukazitazama pamoja, yeye akizileta karibu na uso. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi.

Kisha akaanza kuniomba nimsomee ramani. Skrini ina mwanga mbaya, alisema. Akaanza kuwajua wateja kwa sauti. Mtu akipita mlangoni kimya hakumsalimia, na Anti alikuwa anasalimia mpaka tumbili. Siku moja alikuja ofisini kwa taxi ya basi dogo kutoka stendi ya Warwick, kapanda na mizigo ya watu na vitunguu vya watu, akaweka mkoba chini taratibu.

“Gari limeharibika, Anti?”

“Nimemuuzia mtoto wa dada yangu. Taa nyekundu ya robot naiona nikishaipita.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Daktari anasema ni katikati ya jicho,” akasema. “Pembeni pazima. Katikati panakufa. Nikikutazama usoni, Deo, naona masikio tu.”

“Tangu lini?”

“Tangu nianze kusema skrini ina mwanga mbaya.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeacha kungoja kijitabu na kuanza kunililia. Nakujua.”

Alistaafu mwaka huohuo. Kiti chake aliondoka nacho, ndugu wawili walikibeba. Mimi nikabaki na wateja wangu, na kila Mei nilihisi kama mtu aliyeacha kitu kwenye jiko na hakumbuki ni nini.

Kijitabu kilitoka mwaka jana. Baada ya kukingoja hivyo nilitegemea kizito kama tofali, kumbe chepesi kama daftari la mtoto. Nilisimama barabarani nikampigia.

“Anti, kimetoka.”

Nilisikia kettle yake ikichemka.

“Bado unataka kwenda?” nikauliza.

“Nitaona ukingo wake,” alisema. “Nipeleke nikaone ukingo.”

Kwa hiyo nikafanya kazi yangu ya mwisho kubwa, nikachagua safari ya dubu kwa ajili ya mtu niliyemjua. Nilifikiri sana. Kule kwenye mito ya Kanada dubu wanakuja karibu, wengi, mchana kweupe. Kwa macho mabovu pangefaa. Nikamwambia. Akakataa. “Kelele,” alisema. “Nataka kibanda. Nimewapeleka watu kibandani maisha yangu yote, na mimi nataka kukaa.” Basi nikawapigia Romania. Nikauliza kibanda kipi kina uwazi mfupi zaidi mbele yake, ili dubu asiwe mbali. Nikauliza jua linakaa wapi alasiri, nikachagua mahali ambapo linakuwa nyuma yetu, limmulike dubu. Nikaomba benchi lisogezwe kidogo, Anti akae upande, kwa sababu anaona kwa pembe za macho. Nikachagua Juni, siku ni ndefu na kuna mwanga mpaka mtu achoke nao. Nawaambia, hakuna mtu katika historia ya dubu aliyepangiwa safari vizuri hivyo. Ilikuwa safari kamili, imechelewa tu.

Kwenye ndege tulikaa pamoja, yeye dirishani kwa heshima, ingawa dirisha lilikuwa halimsaidii. Tulipokuwa juu ya mawingu akaniuliza.

“Kwa nini hukuniambia niende peke yangu? Miaka ile yote.”

“Kwetu mkubwa akikuita, humwambii tangulia. Ni kama kumfukuza. Na wewe, Anti, kwa nini hukuenda?”

“Watu wangapi wamekuacha mpakani, Deo?”

Alijua baadhi ya majina.

“Sikutaka kuwa mmoja wao,” alisema.

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. “Wajinga wawili wenye adabu,” akasema, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji maji. Nilicheka naye. Lakini usiku ule hotelini sikupata usingizi, na mpaka leo nikilikumbuka cheko lile silipendi. Neno moja, nenda, lingetosha. Lilikuwa mdomoni mwangu misimu yote ile, mimi ambaye sikuwahi kukosa neno.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue, kuliko maswali ya choo na mifuko. Mteja akiwa tayari, mwacheni aende. Hata kama ni mkubwa wenu. Hata kama mnampenda. Hasa hapo.

Siku ya kibanda mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kiongozi wetu, Ilie, mtu mkimya mwenye ndevu za kuweza kufugia kuku, alitutembeza njia fupi nyuma ya gari. Nilimshika Anti mkono. Niligeuza mifuko yangu nje, naye akageuza yake, ilikuwa na leso na pipi za tangawizi, Ilie akazichukua pipi. Tukaingia. Benchi lilikuwa limesogezwa kama nilivyoomba. Kioo kipana, mbele yake uwazi wa nyasi, halafu miti. Mwanga ulikuwa nyuma yetu, mzuri, kama nilivyopanga.

Anti alikaa. Nimewaona wengi kwenye kile kiti chake cha mbao, sijaona aliyekaa vile. Mikono magotini, kichwa kimegeuzwa kidogo, anatazama pembeni ya kila kitu. Saa zikapita. Mimi nilianza kuwashwa mguu, mgongo, na sehemu ambazo sikujua ninazo. Yeye hakutikisika.

Ilie akainua kidole.

Dubu alitoka upande wa kushoto. Nikaegemea sikio la Anti.

“Ametoka,” nikanong'ona.

“Wapi?”

“Kushoto, karibu na mti ulioanguka.”

Aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. “Naona nyasi,” alisema. “Naona miti. Nikimtafuta pale alipo panakuwa tupu.” Akanishika kifundo cha mkono. “Niambie.”

Nikafungua mdomo, na yale maneno yangu yote, ya chai ya maziwa na ya mwezi, hayakuwepo. Nilikuwa namwangalia dubu.

“Ni mdogo,” nikasema. “Nilidhani atakuwa mkubwa zaidi. Amelowa.”

“Rangi?”

“Kahawia. Kama udongo. Miguuni mweusi zaidi.”

“Anafanya nini?”

“Anatembea. Miguu ya mbele inaingia ndani kidogo. Amesimama sasa. Anageuza jiwe.”

“Kwa nini?”

“Sijui, Anti. Anakula kitu chini yake. Sikioni.”

“Masikio?”

“Mviringo. Moja limechanika.”

Vidole vyake vilibana kila nilipotaja kitu, kama mtu anayehesabu vyombo vyake vilivyorudi. Nikaendelea hivyo, neno moja, neno jingine, amekwangua, amenusa, ametugeuzia mgongo. Ilikuwa muda mfupi sana. Dubu aliinua kichwa, akasikiliza kitu upande wa msitu, akaingia kati ya miti kana kwamba mtu amemwita kwa jina.

Mimi nikaendelea kusema. Sikupanga. Nikasema sasa amegeuka anatutazama, jua linampiga mgongoni, kila unywele una tone lake la maji na kila tone lina jua lake, na anapumua, Anti, mvuke unapanda taratibu kama ubani.

Vidole vyake vililegea.

“Ameondoka,” alisema.

“Umejuaje?”

“Umeanza kuongea vizuri.”

Ilie alitazama chini. Mimi nilitazama ule uwazi, nikatafuta kitu chochote kilichobaki pale.

“Lipo lile jiwe,” nikasema. “Limegeuzwa. Upande uliokuwa chini bado umelowa.”

Anti alijiweka sawa kwenye benchi, akarudisha mkono wake juu ya mkono wangu.

“Haya,” akasema. “Nieleze jiwe.”